Kikohozi cha Serikali

...akapiga hodi, jamani! Waziri mzima, na suti yake ya vipande vitatu, na walinzi wake wenye miwani myeusi, na mpiga picha wa televisheni ya taifa kamlengea kamera puani, akasimama mbele ya mlango wa bibi kizee akasema hodi. Hakusema mara moja wala mara mbili. Na ile ya mwisho sauti ilimkatikia njiani kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda chooni.

Haya, nimeanzia mkiani, najua. Ngojeni nirudi mwanzo, maana mtu wa nchi nyingine ukimwambia Waziri kapiga hodi, atakuuliza cha ajabu kipi hapo, si adabu tu?

Basi ni hivi. Katika nchi hii (jina lake silitaji, si kwamba naogopa, ni kwamba limebadilishwa tena juzi na mimi bado sijalizoea) kuna sheria nyingi sana na karibu zote zimelala fofofo. Iliyo macho ni moja tu, ya tangu enzi za mababu: ukimpigia mtu hodi mbele ya mashahidi, umekiri kwamba aliyemo ndani ndiye mwenye nyumba. Hakuna mjadala tena. Huwezi kumpigia mtu hodi asubuhi halafu jioni umtoe. Hakimu atakucheka, majirani watakuzomea, na mkeo atakununia mwaka mzima. Bunge lilishawahi kutaka kuifuta sheria hiyo. Siku ya kikao mlinzi wa geti akawaambia waheshimiwa wapige hodi kwanza ndipo wapite, wakaogopa jengo lisije likawa la mlinzi, wakarudi makwao. Kikao hakijaitishwa tena.

Ndiyo maana watu wa serikali ya nchi hii hawapigi hodi. Wanakohoa.

Mtoto wa huku anajifunza mapema kuvitofautisha vikohozi. Kikohozi cha michango ya sherehe za taifa ni kinene, kina aibu kidogo ndani yake. Cha kodi ni kifupi na kikavu. Cha kubomoa hakina mwisho, kinaanzia nyumba ya juu kinateremka mtaa mzima. Chuo cha Utumishi kina somo kabisa, Kukohoa la Kwanza na Kukohoa la Pili, na wanaofeli hupelekwa idara ya takwimu ambako hakuna haja ya kumtembelea mtu.

Mize alisoma chuo hicho hicho, ila yeye alichukua utalii. Msichana mwembamba, mwepesi wa miguu, mwenye kicheko kinachomtangulia kona. Alipohitimu akapata kazi Hoteli ya Mvuke wa Amani, kwenye bonde la Fukizo, pale maji ya moto yanapobubujika kutoka chini ya mawe na bonde zima linafuka moshi kama sufuria la wali. Cheo chake kilikuwa Msimamizi wa Uhalisia. Msicheke, kilikuwa na kitambulisho na kamba ya shingoni. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha wanakijiji wanafanana na wanakijiji.

Maana Fukizo palikuwa kijiji, mnajua. Watu walichemshia mihogo kwenye chemchemi, waliogeshea watoto humo, walifanyia umbeya humo humo, miguu majini. Serikali ilipoyataka maji ilileta greda, na greda halipigi hodi. Dereva wake alikohoa kwa heshima zote, akashika usukani. Wenyeji wakapelekwa kule nyuma ya kilima, mahali panapoitwa Kambi ya Muda, na wamekaa huko kwa muda mrefu hata pana msikiti, kanisa na timu ya mpira inayoitwa Muda Stars.

Hoteli ikajengwa, wageni wakaja, wakaoga, wakala, wakaanza kuuliza: na wenyeji wako wapi? Uongozi ukaona haya. Ukajenga pale pale bondeni safu ya nyumba za udongo, zimechorwa na msanifu wa mjini, ukaziita Kijiji cha Utamaduni, ukaajiri wenyeji. Wenyeji gani? Wale wale, wako wengine? Kila asubuhi wakawa wanatoka Kambi ya Muda kwa miguu, wanapekuliwa getini, wanaingia kuigiza kuishi mahali walipokuwa wakiishi. Saa kumi na moja jioni kengele ikilia, wanatoka.

Bi Zalika, bibi mzaa mama wa Mize, aliajiriwa kama Ajuza wa Kwanza. Nyumba yake ya maonyesho ilisimama palepale iliposimama ile ya kweli, na mlango wake ulikuwa wa mvule, wenye nakshi za majani ya mgomba. Siku ya kwanza alipouona, aliupapasa kwenye komeo.

"Huu mlango wangu," akasema.

"Bibi, hicho ni kielelezo. Hoteli ilikiokota kwenye kifusi."

"Kielelezo changu, basi."

Alikatazwa kukalia kitanda. Alikatazwa kufunga mlango, kwa sababu mgeni kalipa kuona ndani. Kusinzia kwenye kigoda kuliruhusiwa, kunapendeza kwenye picha. Lakini siku moja akapitiwa na usingizi wa kweli akakoroma, mtalii akalalamika kwamba hilo halikuwemo kwenye tangazo, na Mize akaamriwa kumwandikia bibi yake onyo. Ikabidi amsomee yeye mwenyewe, maana Bi Zalika hakuwa na miwani.

"Kusinzia kwa maonyesho kunaruhusiwa," akasoma Mize, shingo chini. "Kusinzia halisi ni utovu wa nidhamu."

Bi Zalika alimsikiliza mpaka mwisho. "Umeandika vizuri, mke mwenzangu. Chuo umekisoma kweli." Halafu akasema, kama mtu anayeongea na mboga anayoichambua: "Mimi hata sitaki makubwa. Nataka nilale kwangu, nikoromee kwangu, basi."

Mize alicheka, maana yeye hucheka, lakini siku hiyo kicheko hakikumtangulia kona.

Sasa sikilizeni. Ikaja habari kwamba Umoja wa Wasafiri Wenye Dhamiri unaleta mpimaji. Atazunguka nchi nzima kupima hatari zinazowakabili watu kwenye utalii: nani kahamishwa, nani hapumziki, nani anapigwa, nani kakosa shule. Nchi ikifeli, ndege za watalii zinageuza pua. Waziri wa Utalii, Mandhari na Tabasamu, Mheshimiwa Mbwilo, akaitisha mkutano hotelini. Mize alikaa nyuma kabisa, karibu na birika la chai.

"Ndugu zangu," akaanza Waziri, akaikamata meza kwa mikono miwili kana kwamba itaondoka. "Tunakwenda kupimwa. Mtu anayekwenda kupimwa hukaa bila kula. Sisi tutakula, kwa sababu bajeti ya chakula imeshapita. Lakini nasema hivi. Wanakuja kutafuta hatari za haki za binadamu. Haki tunazo. Binadamu tunao. Kitu tusichokuwa nacho ni hatari."

Makofi.

"Na kama ipo, iwe imeondoka kabla ya Jumatatu."

Makofi marefu zaidi.

Basi wakaanza kuiondoa. Wafagizi wa vyumba, ambao hawajawahi kuiona likizo hata kwa mbali, wakapewa likizo siku hiyo hiyo, kwa masharti kwamba waitumie hapo hapo kazini, ili waonekane wakiwa likizo. Mngewaona. Wamelazwa kwenye vitanda vya bwawani na sare zao, wamekakamaa kama samaki wakavu, kila mmoja anauliza mwenzake kwa pembe ya mdomo wakati wa kugeuka. Mmoja alishindwa, akainuka akatandika kitanda alichokuwa amelalia. Walinzi wakanyang'anywa virungu, wakapewa maua ya waridi. Mlinzi mkuu, Shomvi, jitu la miraba minne, akawa anapiga saluti na waridi lake, na kwa mazoea akalichomeka kiunoni, miiba ikafanya kazi yake. Watoto wanaouza mayai ya kuchemsha getini wakakusanywa wapelekwe shule, ikagundulika shule ya pale imekuwa ghala la taulo za hoteli. Wakakalishwa juu ya taulo, wakafundishwa kuhesabu taulo.

Na hata kabla mkutano haujaisha, Katibu Mkuu wa wizara, Bwana Sengondo, alikuwa kainama sikioni kwa Waziri, mnong'ono wake ukafika mpaka kwenye birika. Sengondo ni mtu mrefu, mkimya, mwenye kikohozi kinachosifika nchi nzima. Walimu wa chuo hukirekodi kwa ajili ya wanafunzi.

"Mheshimiwa, kuna lile suala dogo la watu waliohamishwa."

"Ni wangapi?"

"Wote."

"Basi wasiwe wamehamishwa."

"Wameshahamishwa, Mheshimiwa."

"Sengondo, nakuuliza kama katibu, sikuulizi kama mwanahistoria."

Sengondo akafikiri, na hapo ndipo akili yake kubwa ilipotutendea mema pasipo kukusudia. Akasema wale waigizaji wa Kijiji cha Utamaduni wasitoke jioni. Walale humo. Wapike, wafue, wakoromee humo mpaka mpimaji aondoke, na Waziri mwenyewe amtembeze nyumba kwa nyumba amwoneshe watu waliokaa hapo tangu babu zao, hawajasogezwa hata unywele.

"Na akishaondoka?" Mize akajikuta anauliza kutoka kwenye birika. Vichwa vyote vikageuka.

"Akishaondoka wanatoka," akasema Sengondo. "Ila hawarudi Kambi ya Muda. Pale tunaweka uwanja wa gofu. Watasogea mbele."

"Mbele wapi, Katibu?"

"Mbele ni mbele, binti." Akamtazama kwa upole unaotia baridi. "Wewe ndiye Msimamizi wa Uhalisia? Simamia vizuri, nikupe ukurugenzi mjini. Simamia vibaya, uende nao huko mbele."

Mize alishuka bondeni mbio. Akamkuta bibi yake anapepeta mchele wa maonyesho, ambao ni ule ule kila siku tangu hoteli ifunguliwe. Akamwambia yote, pamoja na lile la mbele.

Bi Zalika aliendelea kupepeta. "Kwa hiyo nilale kwangu."

"Kwa kuigiza, Bibi."

"Na kukoroma?"

"Safari hii kunaruhusiwa. Kunatakiwa."

"Na huyo waziri wenu atafika mpaka mlangoni?"

"Atafika. Na mpimaji, na televisheni."

"Mlango utakuwa wazi au umefungwa?"

"Wazi, Bibi. Milango ya maonyesho yote huwa wazi, si unajua?"

"Ala," akasema Bi Zalika, akapuliza makapi.

Wakahamia. Mize alikuwa na karatasi ya maelekezo kutoka wizarani, lakini uhalisia ulimshinda nguvu siku ile ile. Nguo zikaanikwa kwenye kamba ya mapambo. Mtu akaleta kuku, kuku akataga kwenye chungu cha makumbusho. Mzee Ngwali, fundi seremala wa zamani, akazunguka akizikaza bawaba za milango yote, akikuna kichwa jinsi msanifu wa mjini alivyozifunga kinyume. Mchicha ukapandwa mahali palipoandikwa usikanyage. Kina mama wakashuka kwenye chemchemi, wakatumbukiza miguu, wakaanza umbeya walipouachia, kana kwamba greda lilipita jana na mtu fulani bado hajamaliza sentensi yake. Mize akawaambia wasizidishe. Wakamwambia asogee, anawakinga jua. Naye akavua viatu akakaa nao, na aliyoyasikia humo siku hiyo nayabeba kifuani mpaka leo.

Mpimaji akafika Jumatatu. Bi Ingela, mwanamke mfupi, mkakamavu, viatu vya mpira na kofia ya majani, kajifunza Kiswahili vitabuni huko huko kwao kwenye baridi. "Shikamooni nyote, enyi wenyeji wa bonde," akawaambia wafagizi waliokuwa likizo bwawani. Wakaruka wote wakasimama wima, na likizo ikaishia hapo.

Bi Ingela akatazama, akaandika. Akamtazama Shomvi anayechuruzika damu kiunoni na waridi lake, akaandika. Waziri akawa anamsukasuka njia nzima kwa maneno. "Watu wa hapa, mama, hawajawahi kuondoka. Hata ukiwafukuza hawatoki. Yaani, hatujajaribu, lakini hawatoki."

Mize alikuwa katangulia bondeni. Akakagua safu ya nyumba: mlango wazi, mlango wazi, mlango wazi. Akafika kwa bibi yake. Umefungwa.

Akausukuma. Umefungwa kwa komeo, ndani.

"Bibi," akanong'ona kwenye ufa. "Bibi, fungua, wanakuja."

Kutoka ndani likasikika, taratibu, tamu, likipanda na kushuka: koromo.

Na msafara ulikuwa umeshashuka ngazi. Sengondo, jicho lake ni la mwewe, aliuona mlango huo kabla ya wote. Akamvuta Mize pembeni na ule upole wake.

"Zunguka nyuma. Ingia jikoni. Fungua komeo kabla Mheshimiwa hajafika. Umenielewa, binti?"

Mize alimwelewa. Akazunguka mbio, akapita kwenye mlango wa jikoni uliofunikwa na kipande cha mkeka, akaingia. Ndani kulikuwa na giza la kupendeza na harufu ya mihogo. Bi Zalika alikuwa amekaa kitandani, kile kitanda kilichokatazwa, miguu yake haigusi chini, macho yako wazi kabisa, anakoroma.

Alipomwona mjukuu wake akanyamaza.

"Bibi, wamenituma nifungue."

"Fungua, mke mwenzangu. Kama ndiyo kazi yako."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama unavyomwambia mtu achukue kigoda. Mize akausogelea mlango, akashika komeo. Lilikuwa baridi na laini, limelainika kwa mikono ya watu wote wa ukoo wake waliowahi kulala ndani ya mlango huu. Akilini mwake akaona ofisi ya mjini yenye feni, na kibao chenye jina lake. Akamwona bibi yake anasogea mbele, na kutoka hapo mbele zaidi, na mzigo kichwani. Nje, hatua za viatu zikafika zikasimama, upande wa pili wa ubao, karibu hata alisikia Waziri anavyopumua.

Akaliachia komeo, akarudi akakaa kitandani, kando ya bibi yake.

"Sogea huko," akasema. "Umechukua kitanda chote."

Nje, Bi Ingela akauliza: "Mlango huu umefungwa. Bila shaka yumo mtu?"

"Yumo, yumo," akasema Waziri. "Mkazi wa kudumu. Tuusukume tu."

"La hasha. Sitaingia nyumba ya mtu kama mwizi. Kwenu ninyi desturi ni ipi?"

Waziri akafanya alichofundishwa. Akakohoa.

Ndani, Bi Zalika hata hakupepesa macho.

Waziri akakohoa tena, kikohozi kirefu cha baraza la mawaziri, chenye mkia. Hakuna kitu. Basi Sengondo akaja kumsaidia. Akavuta pumzi, akatoa kile chenyewe, kile kinachorekodiwa, ambacho kiliwahi kutoa mtaa mzima nje na vitanda vyao. Kuku wakatawanyika. Chungu kikapasuka. Ndani, Mize akaruka kwa mazoea, Bi Zalika akamkamata kanga akamkalisha.

"Nani huyo anaumwa huko nje?" akaita Bi Zalika. "Mpeni maji ya tangawizi."

Kutoka nyumba ya jirani kikombe kikatolewa dirishani, kwa heshima. Na maofisa wengine, kuona wakubwa wao wanahangaika peke yao, wakajiunga. Mkurugenzi wa Mandhari akakohoa. Naibu wake akakohoa chini yake kidogo, kufuatana na cheo. Walinzi wenye miwani wakakohoa kwa pamoja. Bonde zima likaanza kurindima, mvuke unapanda, watu waliovaa suti wamejikunja wameshika magoti, na machozi ya kweli yanawatoka, maana ukikohoa uongo kwa muda mrefu koo huwa halijui tena utani.

Bi Ingela alirudi nyuma akafunika pua kwa kitambaa.

"Mheshimiwa," akasema. "Maradhi haya mnayo tangu lini?"

"Si maradhi, ni..." Waziri akakohoa. "Ni kawaida."

"Kawaida? Serikali nzima yakohoa na wewe waniambia kawaida? Haya ni mvuke umewadhuru, au ni ugonjwa wa kuambukiza. Kwa vyovyote, sina budi kupendekeza hoteli zote za nchi zifungwe leo, na ninyi nyote mtengwe."

Ndani, Mize aliziba mdomo kwa mto. Bi Zalika akachukua kitana kidogo chini ya godoro akaanza kuzichana nywele zake za mvi, polepole, kama mtu anayejua wageni wako njiani.

"Mheshimiwa," sauti ya Sengondo ikasikika kwenye ufa, imekauka. "Usiseme. Tafadhali usiseme."

"Watatufungia hoteli, Sengondo."

"Bora zifungwe. Zinafunguliwa tena. Hiyo ikishatamkwa haifutiki."

"Nina hisa humu, wewe!"

Basi hapo mpiga picha, ambaye mshahara wake haujawahi kufika kwa wakati, akasogeza kamera karibu zaidi. Na Mheshimiwa Mbwilo, Waziri wa Utalii, Mandhari na Tabasamu, akarekebisha tai yake.

"Hodi," akasema kwa sauti ya mbu.

"Nani?" akajibu Bi Zalika. "Masikio yangu ya zamani."

"Hodi."

"Kuna mtu anasema kitu, mjukuu wangu, au ni upepo?"

"Ni upepo, Bibi," akasema Mize.

"Hodi hapa ndani!" Ndiyo hiyo iliyomkatikia njiani.

Mkisikia bonde limenyamaza, ndivyo lilivyonyamaza. Hata maji, wanasema, yaliacha kububujika, ila hilo sikuliona nisiwadanganye. Bi Zalika akafunga kitana kwenye pindo la kanga. Akashuka kitandani. Akafika mlangoni, na kabla ya kulivuta komeo akamgeukia Mize, macho yanamng'aa kama ya msichana.

"Sasa ndiyo fungua," akasema. "Wewe mwenyewe. Mlango wa nyumbani kwenu."

Mize akafungua. Jua likaingia, na Waziri akawa amesimama humo katikati yake, uso umeloa.

"Karibu, baba," akasema Bi Zalika. "Karibu kwangu. Viatu utaviacha hapo nje."

Akavua. Soksi moja ilikuwa na tundu, kidole gumba kikachungulia nchi. Akakalishwa kigodani, akapewa muhogo uliochemshwa kwenye chemchemi, akala mbele ya kamera. Bi Ingela naye akapiga hodi yake, ya kitabuni, akakaribishwa, akauliza Bi Zalika kama anaishi hapa kweli.

"Muulize huyo," akasema Bi Zalika, akimwonesha Waziri kwa kidevu. "Ndiye kapiga hodi."

Waziri alikuwa na muhogo mdomoni. Akatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Na hapo hapo, kutoka nje, Mize akasikia kitu: kwaa. Mlango wa nyumba ya pili umefungwa, na komeo lake limeingia. Halafu wa tatu. Kwaa, kwaa, kwaa, safu nzima mpaka chini kwenye maji, na bawaba zote, alizozikaza Mzee Ngwali, zikiitikia bila kulia. Sengondo alikaa chini kwenye mchicha akaegemeza kichwa ukutani. "Nyumba ngapi?" akauliza Bi Ingela, akaipanga kofia yake vizuri. "Twende, Mheshimiwa. Waonekana umepona."

Alipopita mbele ya Mize, Sengondo alimwambia kwamba kazi hana. Mize akavua kamba ya kitambulisho, akamkabidhi, akasahau hata kulia, maana bibi yake alikuwa anamwita aje ashike upande wa pili wa godoro walianike.

Ilipofika saa kumi na moja Shomvi akaja na kengele. Akasimama mbele ya ule mlango wa mvule, uliokuwa umerudishiwa, waridi limenyauka mkononi. Akakinyanyua kichwa, akakaza koo tayari kwa kile kikohozi kidogo cha getini. Kutoka ndani likaja koromo, nene, lisilo na haraka, la mtu aliyechelewa nalo miaka. Shomvi akalisikiliza. Akaiweka kengele chini ya ukuta isije ikalia, akaondoka kwa ncha za vidole.

Mengine yapo, na mengine ndiyo matamu: jinsi Mzee Ngwali alivyokumbuka kwamba mapokezi ya hoteli yalikuwa jiko lake, akaamka na msumeno akatengeneza fremu ya mlango akaisimamisha katikati ya ukumbi, akakaa nyuma yake anangoja, na meneja wa hoteli akawa hawezi kuifikia ofisi yake ila kwa kupita pale. Hilo mje kesho, nitawapa lote na vikorombwezo vyake. Leo siwezi, jamani, shusheni sauti, maana kuna mtu nje ya mlango wangu anakohoa, kikohozi kirefu kisicho na mwisho, na mimi nimeshapanda kitanda kile kile cha Bibi nimejifunika, na sifungui mpaka aseme.